Bao la Kwanza ni la Mgeni

Minza mwanangu,

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako ameshakupa maagizo ya mzigo, ya simu, ya chakula cha njiani na ya watu wa stendi wanaojifanya ndugu, na mimi nikiongeza yangu utachoka kabla hujapanda gari. Michembe ya viazi vikavu aliyokufungia ni mingi kuliko begi lenyewe. Ukishindwa kuibeba, gawa njiani, ila usimwambie. Mimi nina jambo moja tu, na nimeshindwa kulisema kwa mdomo siku hizi zote ambazo tumekuwa tukipeana shikamoo na marahaba, kisha kila mmoja anaangalia pembeni.

Kesho asubuhi unapanda gari la Kahama, kutoka hapo basi la Dar es Salaam, na hujui kama nafasi uliyopewa chuoni bado ipo. Hujui kwa sababu uliwaandikia ukweli. Na uliwaandikia mimi baba yako nikiwa nimekwambia unyamaze. Mpaka sasa hawajajibu. Barua hii yote inazunguka hapo hapo, kwa hiyo ukiona nimepotelea kwenye ng'ombe au kwenye cherehani nivumilie, nitarudi.

Nilikufundisha bao ukiwa bado huwezi kuhesabu kete bila kuzigusa kwa kidole. Mama yako alisema namharibu mtoto wa kike, nikamjibu kwamba hakuna mkono uliowahi kuharibika kwa kugusa kete. Hukumbuki, lakini ulikuwa mtoto wa hasira. Ukifungwa unamwaga kete uani, kuku wanakimbilia wakidhani ni mahindi, halafu unalia kwa sababu kuku wanakucheka. Sikukupa bao hata moja. Mama yako alininong'oneza jikoni, "Baba Minza, mwachie basi hata moja mtoto alale," nami nikakataa. Niliona kwamba nikikuachia nitakuwa nimekudharau. Siku uliyonifunga kwa mara ya kwanza ulikuwa umevaa sare za sekondari nilizokushonea kubwa ili zidumu, na mikono ya shati ilikuwa inakufunika vidole. Nilikasirika mpaka jioni. Mama yako alifurahi kuliko wewe.

Ndiyo maana ulikua ukiamini kwamba mtu akikaa mbele ya bao anataka kushinda. Nilikufundisha mchezo, sikukufundisha kijiwe. Kijiwe kiko barazani pa duka langu, hatua chache kutoka kwenye cherehani, na maisha yako yote umepita pale ukisalimia, ukileta chupa ya chai, ukiondoka. Msichana haketi pale. Hakuna aliyekukataza, haikuwahi tu kutokea, na mimi sikuwahi kusema, "Minza, sogea ukae." Ungekaa hata wiki moja ungeyajua ambayo kila mwanamume wa Kharumwa anayajua bila kufundishwa.

Yaani hili: mgeni akifika kijiweni kwa mara ya kwanza hafungwi bao la kwanza. Anapewa. Na hapewi kwa kutangaziwa, anapewa kwa adabu. Unavunja nyumba yako mapema, lile shimo kubwa ulilolijaza kete za kukulinda, unazisambaza kabla ya wakati wake. Unaacha mashimo ya mbele wazi. Unakuna kichwa, unaguna, unasema "dah, leo sipo," na mgeni anakula safu yako ya mbele yote, anafurahi, anavuta kigoda, anaagiza chai. Bao la pili ndipo unapomwonyesha yuko wapi. Sikuwahi kuiona kama hila. Niliiona kama kumpa mtu kiti.

Basi ukaja likizo ya kwanza kutoka chuo cha Shinyanga ukasema umeunda programu inayocheza bao ndani ya simu. Nilicheka, nakiri, na kucheka kwangu hakukuwa kuzuri. Ulisimama barazani ukatoa shikamoo kwa wote, ukaomba kama mmoja wetu angeweza kucheza na huyu wako. Mzee Ng'wandu, ambaye huja mjini siku za mnada kuuza ng'ombe mmoja na kucheza bao mpaka asahau alichokijia, alikodoa macho.

"Huyu nani, mayu, mama yangu?"

Ukainua simu. Ilikuwa ile yenye kioo kilichopasuka.

"Huyu, mzee. Yeye atasema shimo, mimi nitamhamishia kete."

"Ana kwao?"

"Kwao ni hapa hapa."

"Basi karibu, baba," akaiambia simu, na Shabani wa karasha, anayesaga mawe ya dhahabu, akacheka mpaka chai ikamtoka puani.

Yule wa kwanza alikuwa mjinga kweli. Ng'wandu alimpa bao kama desturi inavyotaka, na kile kitu hakikujua kupokea. Mzee alivunja nyumba, akaacha mashimo wazi kama mlango wa zizi, nacho kikachukua kete mbili za nyuma kikazisogeza kama mama anayepanga vyombo. Alihangaika kufungwa akashindwa. Ulipoondoka alijifuta jasho akaniambia, "Baba Minza, huyu hata ukimpa hapokei." Tulicheka sana. Wewe ulikuwa umeshafika nyumbani unaandika kwamba toleo la kwanza limefungwa na watu wote watatu.

Watu watatu ndio hao: Ng'wandu, Shabani na mimi. Kila ulipokuja ulituambia, "Leo nimeleta mpya. Hii si ile." Ulilisema kwa fahari, na sisi tulilisikia kwa masikio yetu. Kama ni mpya basi haijawahi kufika hapa. Kama haijawahi kufika hapa ni mgeni. Hatukukaa kikao kukubaliana. Ng'wandu alimpa wa pili bao la kwanza, Shabani akampa, nami nikampa, kisha wa tatu, kisha wa nne, kila mara upya, kwa sababu kila mara ulitutambulisha upya.

Na wewe ulicheza bao moja tu kwa kila mtu. Ulinieleza sababu, nikakusifia: betri ya ile simu haikai, halafu ulitaka kila toleo lipimwe sawasawa, watu wale wale, mahali pale pale, bao moja moja, pasiwe na upendeleo. Nimelifikiria hilo siku hizi mpaka kichwa kimeniuma. Ulikuwa makini kuliko mtu yeyote ninayemjua, na umakini wako ndio uliokuponza. Ungekuwa mzembe kidogo, ungekaa ukacheza hata la pili kwa kunogewa, ungeona.

Mstari wako ukaanza kupanda. Ulinichorea nyuma ya karatasi ya kukatia mifano ya kola: hapa toleo linafungwa na wote, hapa linamfunga mmoja, hapa wawili, hapa wote watatu. Niliutazama ule mstari nikaona mwanangu anapanda. Sasa najua ulikuwa unapima nini. Kijana wako wa kwenye simu alikuwa anajifunza kupokea zawadi, na kwa kweli alijifunza. Toleo la mwisho ukiliachia shimo moja tu wazi linaliona papo hapo. Hayo nayo ni maendeleo, Minza, usiyatupe. Ila si yale uliyoyaandika.

Uliniambia pia kwamba kila toleo jipya linalifunga la zamani karibu kila mara. Nilikujibu kwa kukukumbusha Kulwa na Dotto wa jirani, walivyochezeana wao kwa wao uani tangu utotoni, kila mmoja akizidi kumjua mwenzake, na siku walipokuja kijiweni Shabani akawala kama karanga. Ukasema, "Ndiyo maana namleta kwenu, baba." Ulikuwa na haki. Ulikuja mahali sahihi ukakuta watu wazuri mno.

Na mimi sikuwa bora upande mwingine. Ulipokuja mara ya kwanza nilisema haitajua sheria. Ikajua. Nikasema itajua sheria lakini haitajua lini isafiri na nyumba, yaani lini izisambaze kete za lile shimo kubwa, kwa maana hapo ndipo mtu anapojulikana. Ikasafiri, na kwa wakati wake. Nikasema hiyo ni hesabu tu, bao si hesabu. Nina mteja mmoja wa namna hiyo. Anapimwa, anashonewa, suruali inamkaa vizuri, halafu anasema hakutaka suruali, alitaka kaptula. Namchukia, na kumbe ndiye niliyekuwa mimi mbele ya kazi yako. Shabani naye, mchana wa likizo ulipoiacha ile simu dukani ichajiwe, alikuwa anaicheza bao baada ya bao, mpaka akagundua ni lafi: ukiiachia kete nyingi mahali inakwenda kuzila hata kama nyuma yake kuna shimo la kuizika. Akawa anaitega vilevile kila siku na kuifunga vilevile, akitangaza sokoni kwamba haina kitu. Lakini hiyo simu haijifunzi kutoka Jumatatu hadi Jumanne, ulinieleza mwenyewe. Alikuwa amepata ufa mmoja ukutani na anapita hapo hapo, halafu anasema nyumba nzima ni mbovu. Wewe ulikuwa unaipima kwa upole wetu, yeye anaipima kwa ufa wake, na hakuna kati yenu aliyekuwa anajua ina nguvu kiasi gani.

Uliponisomea kwamba umekubaliwa Dar, kwenye kundi la watu wanaochunguza programu kama hizi zimefikia wapi, nilisikia neno moja tu: umekubaliwa. Nilichinja jogoo. Sikuuliza wamekukubali kwa sababu ya nini. Ningeuliza ungenijibu kwamba ni kwa ule mstari, na pengine ningestuka mapema.

Siku ya mnada uliopita ulikuja kuaga. Ulikuwa na toleo la mwisho, ukataka tu kuhakikisha kabla hujaondoka. Ng'wandu alifungwa haraka kupita kiasi, alikuwa na haraka ya kwenda kuangalia ng'ombe wake. Na wewe, kwa kuwa ulikuwa unaondoka na hukutaka kuondoka, ukasema, "Mzee, tuongeze moja." Nilikuwa ndani napitisha uzi kwenye sindano. Nilisikia kete zinagonga haraka, kisha sauti yako.

"Mzee, imekuwaje? Umeimaliza."

"Imekwisha, ng'wanike wane, binti yangu."

"Lakini sasa hivi imekufunga."

"Lile la kwanza." Ng'wandu alikuwa anacheka, hana hili wala lile. "La kwanza ni la mgeni."

"Mgeni gani?"

"Si huyo wa kwenye simu? Hujasema leo umeleta mpya?"

Nilitoka na sindano mkononi. Shabani alikuwa ameacha kunywa chai. Wewe ulikuwa umechuchumaa pembeni ya bao, ukauliza polepole, kwa adabu ile ile ya siku zote:

"Na wale wa zamani? Wale niliowaleta likizo zilizopita?"

"Wote walikuwa wageni, mayu," Ng'wandu akasema. Kisha akakuona uso. Akanigeukia. "Gashi, kumbe mtoto hajui?"

Mtoto hakujua. Ulitoa asante, ukasema "wabeja, mzee," ukakunja ile nguo unayofungia simu, ukaenda nyumbani. Ng'wandu alibaki ananiuliza amekosea nini, na yeye hakuwa amekosea kitu.

Nyumbani ulisema neno ambalo limenikaa. Ulisema, "Baba, nimepima adabu yenu. Sikupima mchezo." Ukasema unawaandikia chuoni. Nami nikasema yale niliyoyasema. Nayarudia hapa ili usidhani nimeyasahau au nayapunguza makali. Nilisema, "Nyamaza, Minza. Nani atatoka Dar kuja Kharumwa kumuuliza Ng'wandu?" Ukanijibu, "Mimi nimeshamuuliza, baba." Nikapandisha sauti. Nilisema nafasi kama hii haiji kwa mtoto wa fundi cherehani, nikasema utajifunza hayo mengine ukiwa huko huko ndani. Mama yako aliacha kuchambua mchele akanitazama, nawe ukaingia chumbani, na jioni ulitoka ukasema umeshatuma.

Sasa kuhusu machimbo ya Rwamgasa. Hadithi hiyo umeisikia kwa mama yako, na yeye huimalizia kwenye ng'ombe: baba yako aliuza ng'ombe wa babu yako akawafukia kwenye shimo la dhahabu, ndipo akajifunza kushona. Ni kweli, lakini si pale inapoishia.

Nilikuwa mmiliki wa duara, kama tunavyoliita shimo la kuchimba, na nilikuwa na wanaapolo, yaani wachimbaji, wazuri. Kiongozi wao aliitwa Maganga. Nililisha watu wale, niliuguza mmoja wao nyumbani kwangu, na walinipenda. Kila nilipokwenda walinipa mawe ya kupima. Nayapeleka kusagwa, naosha unga kwenye karai, naona dhahabu inabaki chini. Mwanzo ilikuwa kidogo, safari iliyofuata ikazidi, iliyofuata ikazidi tena. Nilijiona nateremka kwenye mwamba wenyewe. Nikauza ng'ombe wengine. Siku moja nilifika wakiwa wamekwenda kula, nikaokota mawe mwenyewe kwenye lundo, bila kuchagua. Karai likabaki na maji na mchanga.

Nilimuuliza Maganga. Hakukana, wala hakuwa mwizi, na hilo ndilo lililonivunja moyo. Alisema, "Bosi, ulikuwa unafika umechoka. Tukawa tunakutafutia yanayong'aa, ufurahi." Walikuwa wamejua jicho langu linapenda jiwe gani, wakazidi kulijua kila safari, na karai langu likazidi kunifurahisha. Duara halikuwa limebadilika hata kidogo.

Mama yako anajua mpaka hapo. Ila nataka uzingatie nilichofanya baada ya kujua. Nilinyamaza. Niliendelea kuchimba masika yale yote, nikijiambia kwamba huenda chini zaidi pana kitu, kwa sababu ningesimama ningelazimika kuja hapa nyumbani na kumwambia babu yako kwamba nilikuwa napima mapenzi ya watu badala ya mwamba. Ng'ombe waliokufia kwenye mawe ya Maganga walikuwa wachache. Wengi walikwenda baada ya kujua, wakati wa kunyamaza.

Kwa hiyo aliyekwambia "nyamaza" alikuwa mtu yule yule, mwanangu, na duara lake. Hakuwa anakulinda wewe. Alikuwa anaogopa kukuona ukirudi na begi lako barazani na watu wakiuliza, kama walivyoniuliza mimi. Nilikosea, na nakuomba radhi. Mzazi kumwomba mtoto radhi ni kitu kinachokwama kooni kwetu huku, ndiyo maana nimekiweka kwenye karatasi.

Sijui watakujibu nini. Huenda utafika ukute mlango umefungwa, na kama umefungwa utakuwa umefungwa kwa sababu ulifanya ambalo baba yako hakuwa na kifua cha kulifanya. Rudi tu. Nitakuwa barazani, na atakayekuuliza maswali atashonewa suruali yake mwenyewe na mtu mwingine. Na kama mlango uko wazi, utakuwa unakaa na watu ambao kazi yao ni kusema kitu fulani kimefikia wapi. Watakuletea vijana wao wa kwenye kompyuta wakiwa na mistari inayopanda kama ule wa kwako. Usiwadharau, na usidhani wanadanganya. Waulize tu nani aliyekaa upande wa pili wa bao, na kama alitaka kushinda.

Jambo la mwisho ni la leo mchana, na hulijui kwa sababu ulikuwa umekwenda kuaga kwa shangazi yako Runzewe. Ile simu uliiacha juu ya kabati. Niliichukua. Nilikwenda nayo barazani nikawakuta Shabani na Ng'wandu, maana leo ni mnada tena, nikaiweka kando ya bao, nikawaambia leo hapa hakuna mgeni.

Ng'wandu alikataa. "Mtoto wa mwenzangu anaondoka kesho, halafu mimi nimle? Yaya, hapana. Si heshima."

"Heshima ninayoiomba leo ni hiyo," nikasema. "Mle kama unavyonila mimi."

"Na akifungwa yote?"

"Atakuwa amejua."

Shabani alielewa haraka zaidi. Nilimkatalia jambo moja tu, ule mtego wake wa siku zote. Nilimwambia acheze kama anacheza na mtu ambaye hajawahi kumwona, lakini anamchukia. Tulikubaliana mabao kumi, tukipokezana. Mimi ndiye niliyekuwa nahamisha kete za kijana wako, isipokuwa zamu yangu ilipofika, ambapo Shabani alinihamishia. Nilifunga duka. Wateja wawili walikuja wakaondoka wakilalamika.

Ilifungwa, Minza. Ilifungwa la kwanza, la pili, la tatu. Nilikuwa nahamisha kete zako kwa mkono wangu kuelekea kwenye mashimo ninayoyaona kabisa kwamba ni kaburi, na sikuwa na ruhusa ya kuuzuia mkono. Sikujua kama mtu anaweza kuumia hivyo kwa kete. Bao la nne lilikuwa la Ng'wandu. Alianza akipiga mluzi. Katikati akaacha mluzi. Akavua ndala, akazivaa tena, akauliza kama simu ile haina mtu anayeisaidia kutoka mahali. Safu ya mbele ya mzee ikaisha kete. Alikaa akiitazama kama mtu aliyefika mnadani akakuta ng'ombe wake hayupo, kisha akasimama akaondoka bila kuaga, mzee yule anayeaga mpaka mbuzi, na baadaye akarudi akiwa amenuna akadai bao lingine kwa hasira. Hapo ndipo nilipojua kwamba lile alifungwa kweli.

Ilifungwa tena, na tena. Bao la tisa likawa langu.

Nilitaka kushinda. Nisikilize vizuri hapo, kwa sababu nakufahamu, utadhani baba alilegeza mkono kwa kuwa unaondoka. Sikulegeza. Nilikaa nikijua kwamba nikikuachia hata kete moja nitakuwa nimekuibia kitu ambacho hutakipata tena kwa mtu yeyote, na nilicheza bao hilo kama ninavyocheza nikiwa sijalipwa na mteja. Nililinda nyumba yangu mpaka mwisho. Niliweka mtego upande wa kushoto, ikaupita. Nikaweka mwingine, mzuri kuliko ule, ambao hata Shabani aliguna alipouona, ikasimama, ikazunguka, ikaja kutokea nyuma yake. Nilitafuta pa kwenda, nikahesabu, nikarudia kuhesabu, Shabani akasema, "Baba Minza, kubali," nikamwambia anyamaze. Sikuwa na pa kwenda.

La kumi Shabani aliila. Kwa hiyo waandikie tena ukifika, au waambie kwa mdomo: mabao kumi, watu watatu waliotaka kushinda, imefungwa manane. Si mstari wa kuchinjia jogoo. Lakini yapo mawili, mwanangu, na hayo mawili hayakutoka kwa mtu yeyote hapa Kharumwa. Ni yako.

Ni mimi baba yako, niliyefungwa bila kupenda.